Kibuyu cha Bibi Nalepo

Kibuyu kilinuka, hilo halina ubishi. Jua lilikuwa linazama, na Irine alibakiza kazi moja tu kabla ya kufunga makumbusho yao madogo pale Nkoaranga, yanayotunza vitu vya watu waliohamishwa kwenye ardhi zao: kukiingiza kibuyu hicho daftarini. Mwanawe Abdiel, wa miezi minne, alikuwa amelala mgongoni.

Bibi Nalepo alipokileta asubuhi alisema neno moja tu. "Mwanangu, usikioshe."

Lakini Irine na kinyaa chake, jamani! Mtu anayesuuza hata sahani safi. Alizibua kifuniko, akakung'uta. Vikadondoka vipande saba, vyeusi, vimekunjamana, vimegandiwa na udongo na samli iliyooza.

"Ptuu!"

Akavizoa kwa gazeti, akavitupa shimo la taka. Kibuyu akakisugua kwa sabuni.

Harufu haikuisha. Maziwa yaliyochacha... na chini yake, nyama. Akanawa mara tatu. Akafungua madirisha. Ikamfuata kila chumba.

Ilitoka mgongoni.

Akafungua kanga. Kitovu cha Abdiel, kilichopona zamani, kilikuwa kimefunguka. Kilitoa kitu cheupe, kizito, chenye mabonge kama mtindi. Irine alitapika palepale.

"Umekiosha..."

Bibi Nalepo alikuwa mlangoni.

"Shikamoo, bibi... nisamehe... mtazame mwanangu..."

Bibi aliingia. Alimpokea mtoto. "Vile ni vitovu vyetu," alinong'ona. "Mimi na ndugu zangu. Tulipohamishwa, mama alivifukua mgombani, akavibeba. Hatukupata kwetu kwingine kwa kuvizika. Umevitupa wapi?"

"Shimoni..."

"Kavitoe. Kitovu kikitupwa huwaita wenzake."

Irine yule yule wa kinyaa akaingia shimoni mikono mitupu. Nepi zilizooza. Maji ya samaki. Funza wakampanda hadi kwenye viwiko, na yeye analia, anapapasa. Akakipata cha kwanza. Cha pili. Sita... saba. Mungu mkubwa, saba!

Vidole vikagusa kingine.

Cha nane kilikuwa kibichi, kimebanwa bado na kibanio cha plastiki cha hospitali. Irine alikijua. Alikizika kwa mikono yake, chini ya mgomba wa mama mkwe, miezi minne iliyopita.

Kilikuwa na joto.