Jina la Stamena Ukutani

"Prokop, simama bwana! Unanipigia magoti hapa, mbele ya mume wangu?"

"Mume wako ana miaka kumi na moja kaburini, Stamena. Wivu ulishamwishia."

"Simama, mlango unakaribia kufunguliwa. Watu watatuona."

"Nijibu kwanza. Unaolewa na mimi, huolewi?"

Stamena akainua macho ukutani. Hapo ndani ya Jumba la Wakuu, ambamo nchi yetu ya Taverina inalaza watu wake mashuhuri, palikuwa na mawe mawili yaliyoshikana. La kwanza liliandikwa LAZAR VUKOJE, MTUNZI WA WIMBO WA TAIFA. La pili, STAMENA, MKEWE. Chini yake mwaka aliozaliwa, kistari, halafu jiwe tupu.

"Nitaolewaje na jina langu limeshazikwa?"

"Nililichonga mimi. Nitalitoa mimi."

Ni kweli, alilichonga yeye. Prokop ndiye fundi mawe wa jumba lile, na wiki ya mazishi alikuwa juu ya ngazi akigonga patasi, mjane mwenye nguo nyeusi akimpelekea kahawa. Kwa miaka mingi baadaye Stamena alikuja kila Alhamisi kubadilisha maua. Alhamisi moja alikuja na chupa ya pilipili za siki alizotengeneza mwenyewe. Nyingine akaja bila maua, na pilipili alikuwa nazo. Fundi si mjinga, akaelewa.

"Naolewa," akasema Stamena, kisha akacheka na kulia kwa pamoja. "Haya simama, goti lenyewe bovu."

Siku hiyohiyo akampigia simu mkurugenzi wa jumba.

"Bi Vukoje, kanuni iko wazi," mkurugenzi akasema. "Mjane akiolewa, nafasi yake inafutwa. Na hairudi, hata mkiachana wiki ijayo."

"Sawa."

"Halafu mtoto wa marehemu lazima atie saini kwamba hana pingamizi."

"Jelica?"

"Si ndiye pekee?"

Ndiye pekee. Jelica, daktari wa meno, miaka thelathini na mmoja, ulimi mkali kuliko vifaa vyake vya kazi. Stamena akamsubiri Jumapili, akampikia pai ya jibini anayoipenda, akasema yote kabla hajakata kipande cha pili.

"Yule mchonga mawe?"

"Ana jina. Anaitwa Prokop."

"Mama, nchi nzima inasimama wima ikiimba wimbo wa baba, wewe unataka kumwachia ukuta mtupu pembeni?"

"Nataka kuishi, mwanangu. Nina miaka sitini na mbili."

"Ishi! Nani kakukataza? Nenda naye sinema, nenda naye baharini. Lakini ile nafasi huiachi. Sisaini!"

Akachukua koti, akaondoka. Pai ikapoa mezani.

Siku kumi zikapita. Stamena akipiga, simu haipokelewi. Akaandika: "Jelica mwanangu, nijibu hata kwa matusi." Ujumbe ukasomwa, jibu hakuna. Alipungua hadi sketi ikawa inamzunguka kiunoni. Prokop aliyaona yote hayo akanyamaza, na watu wa aina yake wakinyamaza ujue wanapanga jambo. Siku ya kumi na moja asubuhi, simu ya Stamena ikalia mlio wa ujumbe:

"Stamena, nimepata kazi machimboni kule Drevno. Treni inaondoka saa nne. Sitaki upate mume ukose mtoto. Usinifuate, tafadhali. Pilipili zako nimebeba."

Alipomaliza kusoma ilikuwa saa nne kasoro dakika tano. Hakwenda stesheni, asingewahi. Alivaa viatu visivyofanana, akaenda moja kwa moja kliniki kwa bintiye, akasukuma mlango.

Kitini alikuwapo mzee mmoja, mdomo wazi, pamba kila upande.

"Mama! Nina mgonjwa!"

"Hata mimi naumwa. Prokop ameondoka. Umefurahi?"

Jelica akashusha koleo. "Sijafurahi."

"Basi niambie kosa langu. Umeninunia siku kumi na moja kwa sababu ya jiwe?"

"Si jiwe, mama."

"Ni nini?"

"Siwezi kukuambia."

"Utaniambia leo, hapahapa."

Jelica akalishika tena koleo, akalikaza mkononi. Mzee kitini alipoliona, akajisogeza pembeni taratibu.

"Ukiondoka pale ukutani, ile nafasi ataiomba yeye," Jelica akasema kwa sauti ndogo.

"Nani?"

"Mama, usinilazimishe."

"Nani, Jelica?"

"Ksenija! Yule mwimbaji! Miaka miwili iliyopita aliniandikia barua. Anasema kama siku moja ile nafasi itakuwa wazi, tumkumbuke. Mama, baba alikuwa naye. Nilikuwa na miaka kumi na nne, niliwaona kwa macho yangu kwenye gari, nyuma ya ukumbi wa muziki. Sikukwambia. Miaka kumi na saba nimeumeza huu mfupa ili usiumie. Halafu leo uinuke umpishe yule mwanamke alale pale?"

Akaficha uso kwa glavu zake. Stamena akakaa kwenye kiti kidogo cha magurudumu, kikarudi nyuma naye hadi kabatini.

"Kumbe ulijua," akasema.

Jelica akainua kichwa. "Kumbe ulijua? Unamaanisha nini?"

"Nilijua kabla hujaanza shule. Nilikuwa nampigia pasi shati la kwendea kwake."

"Na ukanyamaza?"

"Ulikuwa unampenda baba yako. Ningekuharibia kwa faida gani? Alikufundisha piano, alikubeba mabegani. Nikasema, mtoto abaki na baba yake mzima."

"Mama, mimi nilinyamaza kwa ajili yako."

"Na mimi kwa ajili yako."

Wakatazamana. Kicheko kilianza kwa Stamena, kidogo, kama kikohozi. Jelica akajaribu kujizuia, akashindwa. Walicheka hadi wakashikana, machozi yakiwatoka, na Jelica akawa anarudia, "Miaka kumi na saba! Miaka kumi na saba, mama!" Alijisikia kama mtu aliyetua gunia mlangoni.

"Na Ksenija?" akauliza akijifuta.

"Mwache aombe. Anataka kulala kwenye ubaridi ule mpaka mwisho wa dunia? Mimi nataka kulala palipo na jiko la kuni."

Mzee kitini akanyoosha kidole. "Hahihi!" akasema na pamba zake.

"Anasemaje?"

"Anasema saini," Jelica akasema, akivuta kalamu mfukoni. Fomu ilikuwa ndani ya mkoba wa mama yake tangu ile Jumapili.

Stamena akatoka nje, akapiga simu. Iliita mara tano.

"Prokop, uko wapi?"

"Stesheni."

"Treni imeondoka?"

"Zamani."

"Na wewe?"

"Mimi niko hapa na mizigo. Nilipanda ngazi ya kwanza, miguu ikagoma."

"Kaa hapohapo, mpumbavu wee. Jelica amesaini."

Upande wa pili akasikia mwanamume mzima akipenga kamasi.

Jiwe lilitolewa mwezi wa Juni. Prokop alilitoa mwenyewe, akaziba pale kwa bamba jeupe, jipya, lisilo na herufi hata moja. Jumamosi iliyofuata walioana katika ofisi ya manispaa. Chakula kilikuwa uani kwa Jelica: kondoo wa kuchoma na raki, pombe kali ya plamu. Jelica alicheza na baba yake wa kambo hadi goti lile bovu likaomba radhi.

Katikati ya kelele hizo mkurugenzi akapiga simu.

"Samahani kwa usumbufu, Bi Stamena. Kuna bibi mmoja, mwimbaji wa zamani, ameleta ombi la ile nafasi. Familia isipopinga, tutampa. Mnapinga?"

Stamena akamtazama Jelica. Jelica akatikisa kichwa, mdomo umejaa nyama.

"Hatupingi. Mpeni."

"Una hakika?"

"Kabisa. Mwambieni tu alale upande wa ukutani. Lazar anavuta blanketi lote."

Akakata simu, akaenda kucheza na mume wake.