Wakili, Usizime

Giza lilikuwa linaanza kuingia dada mtu alipotoka kwa fundi redio, amekumbatia amplifaya ya marehemu mdogo wake, nzito kama mtoto aliyelala.

"Unganisha kila kitu kikiwa kimezimwa," fundi alikuwa amemwambia. "Ikinguruma, chomoa waya unaotoka kwenye redio. Hapo itakosa cha kusema."

Nyumbani alimkuta mama amepiga magoti, sikio kwenye kitambaa cha spika iliyounganishwa na redio. Ndivyo alivyofanya kila jioni tangu mazishi.

"Leo amekohoa," mama alinong'ona.

"Mama, huo ni waya mbovu."

"Wewe na ubishi wako. Njoo usikilize."

"Nitakukuzia sauti, usikie mwenyewe kwamba hakuna mtu."

Aliunganisha huku machozi yakimlenga. Hospitali ilimwacha mdogo wake kwenye benchi, akihema, akisubiri zamu, mpaka akakata roho. Halafu leo mtoto huyo awe ndani ya spika? Huo si msiba tena, ni dhihaka.

Akawasha.

Mngurumo. Kisha... pumzi. Fupi, za kukwama.

Harufu ya dawa ya kusafishia sakafu ikajaa sebuleni.

"Mama... bado hatujaitwa?"

Mama akaziba mdomo kwa khanga.

"Wakili yuko wapi? Mwambie asigombane nao. Nitasubiri tu."

Dada mtu akageukia spika. Wakili lilikuwa jina lake la utani, na aliyemwita hivyo duniani alikuwa mmoja tu.

Akachomoa waya wa redio.

Sauti ikawa karibu zaidi.

Akazima ukutani. Taa ya amplifaya ikafa. Pumzi hazikufa.

"Wakili, usizime. Huku wameshazima taa."

"Usimzime mwanangu," mama alisihi.

Lakini mikono ilishatangulia. Mkasi ukauma waya wa spika.

Kimya.

Kesho yake fundi alisema waya mrefu hunasa redio za mbali. Siku nyingine dada mtu angeipokea hoja hiyo kwa mikono miwili. Sasa alijiuliza tu: redio gani inahema hivyo, na inamjua Wakili?

Alirudi nyumbani akaunga waya ule vizuri, akaufunga kwa utepe. Mngurumo mtupu. Mama aliweka sikio kwenye kitambaa, akasubiri, akasubiri, hata kile kikohozi asikisikie.

"Alikuwa anatuita," mama alisema taratibu. "Sasa umempeleka wapi?"

Dada mtu, bingwa wa midahalo chuoni, akainama kuukaza tena ule utepe.

Siku hizi mama akishaingia kulala, yeye huufungua ule utepe. Amplifaya imezimwa. Hushika ncha mbili za waya kwa vidole, hata kupumua anaogopa.

Hakuna sauti.

Ila ncha zinatetemeka, kidogo kidogo, kama mabega ya mtu aliyekaa kwenye benchi la baridi, akisubiri kuitwa.