Jina Alilopewa Bi Rukaya

Ilikuwa Jumatano, na kazi ilianza vizuri. Kufikia saa tatu asubuhi, kikundi cha tamthilia ya upelelezi kilikuwa kimeshapanga kamera zake katika nyumba moja ya Fukayosi. Adila alikuwa mtu wa mavazi. Mdogo wake, Samia, alikuwa maiti.

Kisa chenyewe kilikuwa rahisi. Wachunguzi wa polisi wanafika kupima mwili wa mwanamke aliyekufa kifo cha kutatanisha, wanakuta wenyeji wameshauosha, ushahidi umekwenda na maji. Cosmas, mwongozaji, hakutaka mwigizaji wa kuosha. Alimleta Bi Rukaya, aliyeosha maiti wa kike wa kijiji kile kwa miaka thelathini. Bibi alikubali, ila wanaume wakae nje na kamera itazame mikono yake tu.

Samia akajilaza kitandani, kajifunika kanga. Alimtania dada yake kwamba leo anaogeshwa kama bibi harusi, asione wivu.

"Marehemu anaitwa nani?" Bi Rukaya aliuliza.

Jina la kwenye mswada lilikuwa jingine. Adila alikuwa ameinama, anapiga pasi koti la daktari.

"Samia."

"Mama yake?"

"Tabia."

Midomo ya bibi ikacheza. Alikuwa akitia nia. Kwake yeye, kuosha bila nia si kuosha.

Bibi alipomaliza kumwosha kwa maji, wachunguzi wakaingia na glovu zao. Mwigizaji wa daktari alitakiwa kushika kifundo cha mkono na kusema hakuna mapigo. Akasema. Cosmas akasimamisha kamera, lakini yule bwana hakuachia mkono. Alikuwa bado anatafuta.

Samia akaketi. Watu wakacheka.

"Dada," alinong'ona, "mbona hawakunimwagia maji?"

Nywele zake zilikuwa zinachuruzika.

Adhuhuri alikunywa chai iliyotoka motoni ikitokota, kikombe kizima, bila kupuliza. Wanawake waliopita njiani walisimama kumpa Adila mkono wa pole. Samia alikuwa ameketi ubavuni pake. Hakuna aliyemsalimu.

Adila alimkimbilia Bi Rukaya.

"Shikamoo, bibi. Yule ni mzima. Nilikosea jina. Mtengue."

"Marahaba, mwanangu. Nimefundishwa kuosha. Kutengua sikufundishwa."

Wakampakia Samia garini kumpeleka hospitali. Hawajafika barabara kuu, akaegemea bega la dada yake. Adila alimwita mara tatu. Bega halikusikia uzito wowote.

Hospitalini hawakupata sababu ya kifo.

Walimzika Alhamisi, kwao Miono. Wanaume wanne walichimba kaburi moja, wakaenda kuswali. Waliporudi na jeneza, makaburi yalikuwa mawili. Ya udongo mbichi yote. Wakazika katika lile walilolichimba, wakaondoka bila kuulizana.

Wanawake walikuwa wamebaki nyumbani. Mjomba Maulidi alirejea ameshika ufito uliokatwa kwa kipimo, kama ule wa kumpimia maiti kabla ya kuchimba kaburi. Aliukuta ndani ya lile kaburi la pili. Hakueleza mbele za watu. Alimwita Adila chumbani, akamwomba asimame wima, kisigino ukutani.

Akausimamisha ufito kando yake.

Uliishia sawasawa utosini.

Mjomba aliurudisha chini, akaupima tena. Kisha akauliza, kwa sauti ya chini:

"Nani alikupima, mwanangu?"