Sahihisho la Tarehe 4 Machi

Anaclet alikutwa kifudifudi mezani pake, kisogo kimepasuka. Chini ya mkono wake ilikuwepo almanaka ya marubani: kitabu kinene cha saa za jua kuchomoza na kuzama, mahali pa nyota, na minara yote ya njiani. Kwa miaka kumi na moja alibandika humo kila sahihisho lililoletwa, katika ofisi ya kampuni ndogo ya ndege, mtaa wa Lumumba, Bunia.

"Ni wapiganaji, chef," alisema Sébastien, mkuu wa ofisi. "Walivunja mulango. Ni vita."

Inspekta Vahwere alikagua mlango. Vipande vya mbao viliangukia nje. Aliyeuvunja alikuwa ndani.

"Walibeba nini?"

"Hakuna kitu."

"Redio iko hapa. Wapiganaji gani wanaacha redio?"



Wiki mbili kabla, Juni hiyo ya 2002, ndege ya kampuni ilikuwa imegonga mnara mpya kilimani, katika ukungu. Rubani alikufa pamoja na watu tisa waliokimbia vita Djugu. Kampuni ilimlaumu rubani. Na kweli, katika almanaka karatasi ya mnara huo ilikuwa imebandikwa: "Imesahihishwa 4 Machi. Anaclet."

Vahwere alikwenda kwa mjane, Angèle.

"Mama, mwezi wa tatu bwana yako alikuwa wapi?"

"Kule Bule, kijijini kwao. Tulienda kuzika baba yake, barabara ikafungwa. Tulirudi mu Avril, mwezi wa ine."

"Una hakika?"

"Nilizalia mutoto kule, Inspekta. Nitasahau?" Alifuta macho. "Jana hakukula. Alisema: 'Wale wa ndege walikufa sababu ya karatasi moja yenye ilibaki mu armoire, kabati ya ofisi.'"

Vahwere alirudi ofisini, akaifungua almanaka mbele ya Sébastien.

"Machi Anaclet alikuwa Bule. Nani alibaki na kitabu hiki?"

"Miye."

"Kwa nini hukubandika?"

"Nilisema nitabandika kesho. Nikasahau." Aliitazama almanaka. "Juzi Anaclet akaikuta mu armoire. Alitaka kuzipelekea familia za wafu karatasi hiyo. Nilimuomba anyamaze, akakataa. Nikamupiga nyundo. Halafu nikaibandika, nikaandika jina lake."

"Jina la mutu uliyemuua!"

"Ni vita, chef! Watu wanakufa kila siku!"

Vahwere alipiga meza kwa kiganja.

"Vita haikushika nyundo! Watu waliponyoka mapanga, weye ukawaua kwa uvivu! Ukamusingizia rubani. Ukamumaliza yule mumoja tu aliyeona haya!"

Alivuta pumzi. "Karatasi zingine mu armoire ziko ngapi?"

Sébastien aliinamisha kichwa. "Kumi na saba."

Ndege tatu zilikuwa angani asubuhi hiyo. Vahwere alimfunga pingu, akamburuta hadi kwenye redio, akamlazimisha azisome karatasi zote, moja baada ya nyingine, marubani wakiitikia.

Alipomaliza ya mwisho, rubani mmoja akauliza, "Kwa nini ni weye unasoma? Anaclet iko wapi?"

Vahwere alimsogezea Sébastien maikrofoni.

"Mujibu."