Ile Moja Iliyofutwa

Kila asubuhi Najua alikuwa wa kwanza kufika darasani. Alifungua madirisha, akafuta ubao, akapanga chaki kwa urefu kama askari wa gwaride. Jina hilo alipewa na wenzake, kwa kuwa mwalimu hakuwahi kumaliza swali kabla yeye hajapaza sauti, "Mwalimu, najua!" Na kusema kweli, mara nyingi alijua.

Siku moja mwalimu wa Hisabati alichora mraba wenye upande wa mita moja. Akauliza urefu wa mstari wa kutoka kona moja hadi kona ya mkabala.

"Ni namba ambayo ukiizidisha kwa yenyewe unapata mbili. Nitafutieni sehemu, yaani namba nzima juu ya namba nzima, iliyo sawa nayo. Mwenye kazi bora atatuwakilisha kwenye mashindano."

Najua aliitaka nafasi hiyo kufa na kupona. Dada yake aliwahi kuipata, na nyumbani haukupita mlo bila habari hiyo kusimuliwa.

Kesho yake asubuhi, darasa likiwa bado tupu, akaanza kuandika majaribio yake ubaoni. 7/5: saba mara saba, 49, tano mara tano mara mbili, 50; zilipaswa kulingana. Imepungua moja. 17/12: 289 na 288. Imezidi moja. Kisha 99/70, aliyoihangaikia jioni nzima. Sabini mara sabini mara mbili ni 9,800. Tisini na tisa mara tisini na tisa ikatoka 9,801.

"Moja tu jamani!" alinung'unika. Akatupa jicho mlangoni, akalamba kidole gumba, akaifuta ile moja na kuweka sifuri.

Wenzake walipokwisha kuketi, mwalimu aliingia, akasimama mbele ya ubao, akatabasamu. Darasa likapiga makofi. Kobe hakupiga. Huyo, jirani wa dawati wa Najua, aliitwa hivyo kwa uzito wake wa kukokotoa, lakini hesabu haikumpita bila kuikagua.

"Mwalimu, tisa mara tisa ni themanini na moja," alisema taratibu. "Hiyo sifuri ya mwisho imetoka wapi?"

Mwalimu akamgeukia Najua. "Umeteleza, mwanangu?"

Mlango wa kutokea ulikuwa wazi kabisa: kusema "ndiyo" tu. Najua aliona aibu, lakini hakuinamisha kichwa.

"Sikuteleza, mwalimu. Nilipata moja, nikaifuta. Niliitaka nafasi."

"Irudishe."

Akairudisha.

"Sasa tazama majaribio yako yote. Nini kimekukwamisha?"

"Moja, mwalimu. Kila mara."

"Na ungeendelea hadi uzeeni usingefika. Namba zinazoandikika kama sehemu ya namba nzima huitwa namba wiani. Hii si wiani. Imethibitishwa zamani kwamba haina sehemu iliyo sawa nayo."

"Basi haipo?" aliuliza Kobe.

Mwalimu akachora tena ule mraba, akakata uzi sawa na mstari wake wa kona hadi kona, akaulaza kwenye mstari wa namba ukutani, uliopimwa kwa mita. Ukaishia mbele kidogo ya 1.4.

"Ipo, mnaiona. Wiani na zisizo wiani, zote ni namba halisi."

Kisha akamshika Najua bega. "Mwaka huu atakwenda Kobe. Njia ya mwongo ni fupi, na wewe umefanya vyema kurudi mapema. Ila kumbuka: ile moja uliyoiona kero ndiyo iliyokuwa ikikuambia ukweli. Ukweli haufutwi kwa sababu ni mdogo."

Iliuma. Hata hivyo Najua alitabasamu.

"Hilo, mwalimu," alisema, "sikulijua."