Masale Hayatoshi

Kila asubuhi kabla ya shule, Yunisi alimwagilia masale, ile mimea ya mpakani, katika shamba lao la kahawa pale Isansa. Mama yake, Enesi, ndiye aliyeyapanda mbele ya wazee, baada ya mahakama kuthibitisha suluhu kati yake na shemeji yake Sadoki: upande wenye nyumba ni wa mjane na mwanawe. Siku ile watu walipiga vigelegele, wakanywa togwa, kesi ikasahaulika. Masale yakishapandwa, nani tena ahangaike na ofisi?

Basi asubuhi moja Yunisi akamkuta baba mdogo Sadoki akimtembeza mgeni katikati ya mibuni yao na kumtajia bei. Akarudi mbio.

"Mama! Baba mdogo anauza shamba letu!"

Mama alimwita Gasper, jirani mjuaji wa kila kitu.

"Hati bado ina jina la Sadoki," alisema Gasper. "Mambo ya mahakama yana mlolongo, mama Yunisi. Tuandike tu kwamba aliwauzia. Yunisi ana mwandiko mzuri, aandike yeye. Sahihi ya Sadoki niachieni mimi."

Yunisi alishika kalamu. Aliogopa sana. Wakifukuzwa hapa, wataishi wapi? Lakini mkono uligoma kuandika.

"Mbona baba mdogo hakutuuzia?"

"Ala! Katoto haka kanajua sheria!" Gasper alicheka.

Mama hakucheka. Alijifunga kitenge. "Kanasema kweli. Twende Vwawa tukaeleze mambo yalivyokuwa."

Katika ofisi ya ardhi, afisa aliyeitwa Jenista aliisoma hukumu yenye muhuri ambayo Mama alikuwa ameihifadhi sandukuni.

"Mama, mbona mliifungia sandukuni? Ilitakiwa isajiliwe ili jina libadilishwe. Tena hamkununua, mmepewa kwa suluhu ya mahakama. Shauri lenu linastahili msamaha wa ushuru wa stempu, ile kodi ya kuhamisha umiliki."

"Na tungesema tumenunua?" aliuliza Yunisi.

"Mngetozwa ushuru. Kisha mngeshtakiwa kwa kughushi."

Loo! Kumbe ndicho Gasper alichotaka waandike.

Usajili ulipokamilika, yule mnunuzi hakuonekana tena. Jioni Gasper alipita, sauti imeshuka. "Mama Yunisi, hiyo ofisi iko upande gani? Na mimi nina masale matupu."

Mama alicheka hadi machozi, kisha akamgeukia Yunisi.

"Mwanangu, masale humzuia mwenye haya. Asiye na haya huzuiwa na hati. Lakini hati ya uongo ingetutoa humu sisi wenyewe. Tumebaki kwetu kwa sababu uliikataa ile kalamu."