Bibi wa Kiti cha Kushoto

Mchungaji alikuwa bado ameshika chupa ya mafuta aliponitazama kama mtu aliyekuta mbuzi madhabahuni. Jirani yangu hapa Kibwezi, Jonah Nyamai, alikuwa amenunua gari kuukuu kutoka Mombasa, tukakusanyika uani kuliombea. Mimi, niliyeendesha malori hadi Lubumbashi bila kujifunza kunyamaza, nikapewa nafasi ya kusema neno. Nikasema Jonah leo anaoa mke wa pili, huyu wa magurudumu manne, na mwenye pingamizi aseme sasa.

Hakuna aliyecheka. Honi ndiyo iliyojibu, na garini hamkuwa na mtu.

Kilichofuata kiliingia kwa Jonah polepole. Kwanza harufu ya udi kwenye shati lake. Ndinda, mkewe, akamuuliza ni ya nani. Jonah akaapa hajui, lakini akawa analiosha gari kwa sabuni yake ya kuogea. Mlango wa kushoto ulimfungukia kila mtu, hata mimi na tumbo langu, ila Ndinda akiushika unagoma. Siku ulipomkubali, wakielekea Makindu mchana kweupe, mkanda ulimbana kifuani, ukapanda shingoni, ukazidi kukaza huku kucha zisizoonekana zikimkwaruza nyuma ya sikio na udi ukijaa garini, mpaka Jonah akafunga breki kwa nguvu na kuukata mkanda kwa kisu cha maembe, Ndinda akiwa tayari amegeuza macho.

Sauti ilipomrudia, alinong'ona, "Huyo ni mwanamke, Jonah. Mwanamke akinichukia mimi najua."

Gari likavutwa hadi kwa Amin, fundi wa bodi, Jonah, Ndinda na mimi tukalifuata. Aligonga ubavu wa kushoto, ukalia bubu kama ukuta wa udongo. Akakwangua rangi, akakuta filla ya kuzibia mabonde ya bati, nene kama chapati za harusi. Chini ya zulia, chasisi ilikuwa imekatwa na kuunganishwa, mshono wa kuchomelea umefichwa kwa lami. Ndani ya nguzo ya mlango, palipobondeka na kuzibwa, kulinasa shela jeupe na nywele ndefu. Nywele zilikuwa na mafuta mabichi.

Amin akaweka nyundo chini, akamwita mama yake, Bi Mwanamisi, mtoa majini. Mama akafukiza, akatega sikio kwenye chuma. Alisema kwa sauti ndogo kwamba huyu ni jini wa bibi harusi aliyefia hapo kabla hajafika kwa mumewe. Alikuwa akingoja kuolewa, na sasa ameolewa, tena mbele ya mchungaji. Jonah amwache kwa mdomo wake, ama Ndinda hatafika mwezi ujao.

Jonah alilitazama gari kwanza, kisha shingo ya mkewe.

"Nimekuacha," akasema.

Chuma kikalia ndani kwa ndani kama mtu anayemeza kilio, mlango wa kushoto ukafunguka wenyewe, udi ukakatika. Ndinda akaufunga mlango kwa teke.

Kwa furaha, mdomo wangu ukaniponyoka tena. Nikamuuliza Bi Mwanamisi, mwanamke wa aina hiyo akiachwa huenda kwa nani.

Akainama, akanusa kola ya shati langu.

"Kwa aliyemwozesha."